Karatasi za Kijerumani katika sanduku la babu: Taasisi ya Leo Baeck ni ya nini, nayo itakusaidiaje?

SWALI: Babu yangu alikuwa nyapara katika shamba la ng'ombe wa maziwa karibu na Naivasha. Msimamizi wa shamba alikuwa Mjerumani, na nyumbani tumeambiwa siku zote kwamba familia hiyo ilikuwa ya Wayahudi waliomkimbia Hitler. Waliondoka mwaka wa 1948 wakamwachia babu sanduku la bati. Ndani mna picha kadhaa, kitambulisho cha zamani, barua ya mkono ambayo hakuna aliyeweza kuisoma, na fomu ndogo yenye nembo ya msalaba mwekundu. Kinachonishangaza ni kwamba mwanamke aliyeandika fomu hiyo na yule wa kwenye kitambulisho wote wanaitwa Sara, ingawa majina yao mengine ni tofauti. Nimesikia New York kuna taasisi inayohifadhi historia ya Wayahudi wa Kijerumani. Ni ya nini hasa? Kwa nini iko Marekani na si Ujerumani? Na mimi, mjukuu wa nyapara, nina haja gani nayo? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Ndugu yangu wa Nakuru, nianze na hao kina Sara, maana jina hilo peke yake linatosha kuthibitisha mliyoambiwa nyumbani. Mwezi wa Agosti 1938 serikali ya Wanazi ilitoa amri kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 1939, kila Myahudi wa Ujerumani ambaye jina lake halikuwa miongoni mwa majina yaliyohesabiwa na serikali kuwa ya Kiyahudi abebe jina la nyongeza. Wanaume wakawa Israel, wanawake wakawa Sara. Shabaha ilikuwa kwamba karani au askari yeyote akishika karatasi ya mtu amjue papo hapo na kumtenga. Oktoba mwaka huohuo pasipoti zao zilikwisha kuanza kugongwa herufi J kubwa. Kwa hiyo Sara si jina walilopewa na wazazi wao, na wala halionyeshi kwamba wanawake hao wawili ni ndugu. Unapotafuta habari zao liondoe kabisa, utafute kwa jina la kwanza na la ukoo. Nimeona watu wengi wakipotea hapo, wanatafuta mtu kwa jina ambalo alibandikwa na waliomtesa.

Hiyo fomu nayo ina mengi ya kueleza kuliko ukubwa wake. Vita vilipoanza Septemba 1939, posta ya kawaida kati ya Ujerumani na makoloni ya Uingereza ilikatika. Njia kuu iliyobaki kwa raia ilikuwa ujumbe wa Msalaba Mwekundu uliopitia Geneva. Mtu aliruhusiwa maneno yasiyozidi 25, tena ya habari za familia tu, na wakaguzi waliyasoma njiani. Ujumbe uliweza kuchukua miezi kufika. Jibu liliandikwa nyuma ya karatasi ileile, kwa hiyo igeuze uitazame. Ukikuta maandishi ya mtu mwingine nyuma, huenda fomu ilianzia Kenya ikaenda Ujerumani na kurudi na majibu. Angalia pia tarehe. Kuanzia Oktoba 1941 treni zilianza kuwaondoa Wayahudi kwa mpango kutoka miji ya Ujerumani kuelekea mashariki, ambako wengi wao waliuawa. Katika ujumbe wa baada ya hapo, mtu anaposema anasafiri au anahama, mara nyingi anaaga. Jiandae kwa hilo kabla ya kumpa mtu akufasirie.

Sasa taasisi yenyewe. Inaitwa Leo Baeck Institute, na haiko New York tu. Ina nyumba tatu, Jerusalem, London na New York. Ilianzishwa Jerusalem mwaka wa 1955 na watu ambao wenyewe walitoka katika ulimwengu huo uliobomolewa, miongoni mwao mwanafalsafa Martin Buber, mwanahistoria Gershom Scholem, mwanasheria Siegfried Moses na mwandishi wa habari Robert Weltsch. Miji hiyo mitatu ndiko wengi wa jamaa zao walikokuwa wametua.

Leo Baeck mwenyewe alikuwa hai taasisi ilipopewa jina lake, akawa rais wake wa kwanza. Alizaliwa mwaka wa 1873, akawa rabi wa Berlin na mwalimu katika chuo cha elimu ya Kiyahudi cha mji huo. Wanazi walipotwaa madaraka mwaka wa 1933, Wayahudi wa Ujerumani waliunda chombo kimoja cha kuwawakilisha mbele ya serikali, naye akakiongoza. Alipata nafasi za kuondoka na hakuondoka. Aliona kwamba mchungaji hawezi kutangulia watu wake kutoka. Januari 1943, akiwa na miaka 69, alipelekwa Theresienstadt, geto la kuwafungia Wayahudi katika nchi ya Bohemia, Ucheki ya leo. Huko alifanyishwa kazi ya kuvuta mkokoteni wa taka, na usiku akawafundisha falsafa wafungwa wenzake waliojazana gizani kumsikiliza. Alinusurika, akahamia London na kufariki huko mwaka wa 1956. Naieleza habari yake kwa kirefu kidogo kwa sababu walioanzisha taasisi hii hawakuipa jina la tajiri aliyetoa fedha wala la mji uliopotea. Walichagua mwalimu ambaye hata pale aliendelea kufundisha.

Umeuliza kwa nini haiko Ujerumani. Sababu ya kwanza iko wazi: mwaka wa 1933 Ujerumani ilikuwa na Wayahudi takriban 500,000, chini ya asilimia moja ya wananchi wote. Zaidi ya nusu walifanikiwa kutoka kabla mlango haujafungwa, na zaidi ya 160,000 waliuawa. Mwaka wa 1955 waliobaki huko walikuwa wachache mno. Ila iko sababu nyingine, na sisi tunaoshughulika na makavazi hatupaswi kuisahau.

Mwaka wa 1905 Wayahudi wa Ujerumani walikuwa wameanzisha hifadhi yao kuu ya nyaraka mjini Berlin, Gesamtarchiv der deutschen Juden. Jumuiya za vijijini zilikuwa zikipungukiwa na watu kwa sababu ya kuhamia mijini, kwa hiyo zilipeleka huko madaftari yao ya kuzaliwa, ya ndoa na ya vifo ili yasipotee. Ilikuwa kazi ya upendo na ya kitaalamu. Wanazi walipokuja, ofisi yao ya kuchunguza nasaba ilitaka kujua nani ana bibi au babu Myahudi, na majibu yalikuwa yamekwisha kupangwa vizuri katika rafu hizo. Mkuu wa hifadhi, mwanahistoria Jacob Jacobson, alilazimishwa kuendelea na kazi chini yao, kisha mwaka wa 1943 naye akapelekwa Theresienstadt. Alinusurika. Mkusanyiko wa karatasi zake sasa uko katika taasisi ya New York.

Ukishajua hayo, utaelewa kwa nini mjane aliyefika Manhattan na bahasha ya vyeti vya familia hakuwa na hamu ya kuzirudisha kwa serikali yoyote ya Ujerumani. Alizipeleka kwa watu aliowajua, waliozungumza lugha yake na waliojua kwa nini mikono yake ilisita. Imani hiyo ndiyo iliyoijenga taasisi. Ilichukua miaka mingi kabla ya njia ya kurudi kufunguka: mwaka wa 2001 tawi la makavazi lilianzishwa ndani ya Jumba la Makumbusho la Kiyahudi la Berlin, likiwa na nakala. Za asili zilibaki New York, katika jengo la kituo cha historia ya Kiyahudi, mtaa wa West 16th.

Na kilichomo? Kuna barua za watu wakubwa, kuanzia Moses Mendelssohn, mwanafalsafa wa karne ya 18, hadi karatasi za mwandishi Joseph Roth. Hizo ndizo zinazotajwa kwenye magazeti. Kwa maoni yangu utajiri halisi uko kwingine, katika karatasi za familia za kawaida. Kumbuka kwamba Myahudi aliyekuwa akihama Ujerumani miaka ya mwisho ya 1930 alitozwa kodi kubwa ya kuondoka, akaunti zake zikafungiwa, na fedha taslimu alizoruhusiwa kutoka nazo zilikuwa Reichsmark 10 tu. Mali ilibaki. Picha, shahada za shule, barua za uchumba, daftari la mapishi la mama na nishani ya baba aliyepigana Vita Vikuu vya Kwanza vilitoka. (Wayahudi wapatao 100,000 walilitumikia jeshi la Ujerumani katika vita hivyo, na takriban 12,000 walikufa, watoto wa mashujaa hao ndio walioambiwa miaka 20 baadaye kwamba si Wajerumani.) Vitu hivyo ndivyo vilivyoletwa, pamoja na kumbukumbu za maisha zaidi ya 2,000 ambazo wengi waliziandika uzeeni kwa ajili ya wajukuu tu, bila kuwaza kuchapisha. Tangu mwaka wa 1956 taasisi inatoa pia kitabu cha mwaka cha makala za kitaaluma, ambacho Weltsch alikihariri kwa miaka mingi.

Ipo desturi ya kudhani kwamba kila kinachohusu Wayahudi wa Ujerumani ni habari ya mauaji. Taasisi hii ilianzishwa kwa sehemu kubwa ili kuikataa dhana hiyo. Mji wa Köln unatajwa kuwa na Wayahudi katika amri ya Kaisari Konstantino ya mwaka wa 321, miaka mingi kabla ya kuwapo kitu kinachoitwa Ujerumani. Kutoka hapo hadi 1933 kuna wakopeshaji na wakulima, wachapaji, waganga, washairi, wanawake waliokuwa wakikusanya wasomi sebuleni, marabi waliogombana juu ya kinanda ndani ya sinagogi. Hata mwambao wetu na bara vimo katika historia hiyo. Emin Pasha, aliyeanzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka wa 1890, alizaliwa Eduard Schnitzer katika familia ya Kiyahudi ya Silesia na kubatizwa akiwa mtoto. Walther Rathenau, ambaye baadaye alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani na kuuawa na wazalendo wakali mwaka wa 1922, alizuru Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka wa 1907 katika msafara wa waziri wa makoloni Bernhard Dernburg, wakati nchi ya kusini ilikuwa bado inazika watu wa Majimaji. Nayataja haya kwa sababu Mjerumani Myahudi hakufika Afrika akiwa mkimbizi tu. Wapo waliofika pamoja na dola. Hifadhi ya kweli huyabeba yote mawili.

Kenya ilipokea mamia tu ya wakimbizi hao. Serikali ya kikoloni ilidai dhamana ya fedha na ilipendelea watu wa kilimo, na masetla wengi hawakuwataka kabisa. Kwa hiyo mwanasheria au mfanyabiashara aliyefukuzwa kazini Ujerumani alijikuta akisimamia ng'ombe au pareto katika shamba la Mwingereza, kazi asiyoijua. Vita vilipoanza, wanaume wengi kati yao walizuiliwa kwa kuwa walikuwa raia wa nchi adui, ingawa adui huyo ndiye waliyemkimbia. Novemba 1941 Ujerumani ikawavua uraia Wayahudi wake wote waliokuwa ng'ambo. Msimamizi aliyefanya kazi na babu yako huenda hakuwa raia wa nchi yoyote duniani kwa miaka kadhaa. Baada ya vita wengi waliondoka, wakaelekea Uingereza, Marekani na Israeli, na wachache wakarudi Ujerumani.

Basi haja yako ni ipi? Katika kumbukumbu za maisha za wahamiaji wa namna hiyo, mtu aliyewafundisha kukamua, kuzungumza Kiswahili, kujua mvua inakuja lini na nyoka yupi ni hatari, mara nyingi hutajwa kwa jina moja tu, au kwa kazi yake: mpishi, nyapara, boi. Waliandika kwa shukrani, wengine kwa upendo wa kweli, lakini hawakuandika jina la baba yake, kijiji chake wala nini kilimpata walipoondoka. Nusu hiyo ya habari iko kwenu Nakuru. Ninyi mnajua babu alitoka wapi, alilipwa nini, alisema nini juu ya watu hao, na kwa nini alilitunza sanduku miaka yote hiyo wakati angeweza kulitupa au kulitumia kuwekea mahindi. Usiende kwa taasisi kama mtu anayeomba. Unakwenda na kitu ambacho haina.

Katika kutafuta, hatua ya kwanza ni majina na miji. Orodha ya mikusanyiko ya taasisi inapatikana kwenye intaneti bila malipo, na tangu mwaka wa 2012 sehemu kubwa ya makavazi yake imewekwa kidijitali, mamilioni ya kurasa, ambazo unaweza kuzifungua ukiwa Nakuru. Mikusanyiko ya familia ina namba zinazoanza na herufi AR, na kumbukumbu za maisha zinaanza na ME. Ziandike namba hizo kila unapokuta kitu, bila hizo hutakipata tena. Tafuta jina la ukoo kwanza, na ujaribu tahajia mbalimbali, kwa sababu waliofika nchi za Kiingereza walibadilisha: Schwarz akawa Black, ö ikawa o au oe. Kisha tafuta kwa maneno ya Kijerumani, Kenia na Ostafrika, pamoja na Nairobi na Naivasha. Kwa miji ya asili tumia jina la zamani la Kijerumani: Wrocław ya leo huko Poland ni Breslau katika karatasi hizo, na Kaliningrad ni Königsberg. Na ikiwa familia ilitoka Vienna au Prague usikate tamaa, maana taasisi inashughulikia Wayahudi wote waliozungumza Kijerumani, hata nje ya mipaka ya Ujerumani. Humo utapata pia matoleo ya Aufbau, gazeti la wakimbizi lililoanzishwa New York mwaka wa 1934, ambalo mwisho wa vita lilichapa majina ya walionusurika na matangazo ya watu waliokuwa wakitafutana.

Aliyeandika fomu ya Msalaba Mwekundu mtafute mahali pengine, kwa kuwa yeye alikuwa bado Ujerumani. Makavazi ya Shirikisho ya Ujerumani yana kitabu cha ukumbusho cha waliouawa kwenye intaneti. Yad Vashem, kituo cha ukumbusho cha Jerusalem, ina hazina ya majina ya waliouawa. Na Arolsen Archives inahifadhi nyaraka za waliofungwa na kuhamishwa. Zote hazitozi kitu. Kwa upande wa Kenya, nenda Makavazi ya Kitaifa, Moi Avenue, Nairobi, uulizie mafaili ya uhamiaji na ya wageni waliozuiliwa wakati wa vita. Ukimjua mwenye shamba, huenda na jina la msimamizi likajitokeza.

Barua ya mkono isiyosomeka haikuharibika. Vizazi hivyo vilifundishwa mwandiko wa Kijerumani wa zamani, Kurrent, au ule wa shule ulioitwa Sütterlin, ambao hata vijana wa Ujerumani wa leo hawausomi. Wapo wasomaji wake, wengi wao wazee wanaojitolea. Usiipeleke kwa mtu anayejua Kijerumani tu ukadhani atakufasiria. Atakisia, na kisio lililoandikwa hugeuka ukweli katika familia.

Karatasi zenyewe zipige picha pande zote mbili, mchana, karibu na dirisha lakini si juani. Usizitie gundi, usizibandike utepe, usizifunike kwa plastiki ya moto hata kama duka la jirani linafanya hivyo kwa vyeti vya shule. Sanduku la bati lililokaa nchi kavu limezitunza vyema. Toa tu pini na klipu zenye kutu. Andika pia, kwenye karatasi tofauti, nani alikuwa ameketi wapi katika kila picha kwa mujibu wa wazee, na jina la mzee aliyekueleza. Fanya hivyo mwezi huu. Bahasha itasubiri, mzee hatasubiri.

Nakuomba sana usiiweke fomu hiyo kwenye mtandao wa kijamii kwanza. Kama ni ujumbe wa mama kwa mwanawe, maneno hayo 25 yanaweza kuwa ya mwisho kumfikia, na watoto wake au wajukuu wako hai mahali fulani bila kujua kwamba yapo. Wana haki ya kuyasoma kabla ya watu wasiowajua. Unaweza kuiuliza taasisi ikusaidie kuwatafuta wenye ukoo. Wafanyabiashara wa karatasi za kale wapo, na watakupa bei; ukiwauzia, kitambulisho kitakwenda kwa mnunuzi mmoja, picha kwa mwingine, na familia hiyo itakuwa imetawanywa tena.

Kuhusu kuzitoa au kubaki nazo, uamuzi ni wenu. Msimamizi aliziacha kwa babu yako kwa hiari yake, nanyi mmezitunza. Wako wanaotoa nakala za kidijitali na kubaki na asili, na hilo linakubalika. Mkiamua kutoa, ombeni maandishi kabla ya kukabidhi chochote: kwamba mkusanyiko utataja ulivyofika kwenu, na kwamba maelezo yake katika orodha yatakuwa na jina kamili la babu, la baba yake na la kijiji chake, yakiandikwa kama mnavyoyaandika ninyi. Barua ya kwanza unaweza kuiandika kwa Kiingereza. Weka jina la babu katika sentensi ya kwanza, la msimamizi katika ya pili, kisha tarehe, mahali, na picha nne au tano zilizo wazi.